Sugu za Bwana Vidole

Ukiitaja methali hii mbele ya darasa, watoto huinamisha vichwa wakacheka, kwa sababu wamelisikia neno moja tu na mengine yakawapita. Mficha uchi hazai. Waache wacheke, ni haki yao. Wakikua watajua kwamba waliotutungia maneno haya hawakuwa na mzaha. Mama aliyeshikwa na uchungu akimwonea haya mkunga, akajifunika gubigubi na kusema "sijambo, niacheni", atamsumbua mkunga na kujiponza mwenyewe. Ndivyo alivyo kila mwenye shida. Anayeificha asimlaumu jirani kwa kutokuja kumsaidia, maana jirani hakuambiwa. Sasa nisikilizeni niwasimulie habari za bwana mmoja, mtu mwema kabisa, aliyejifunika namna hiyo kwa siku themanini na mbili.

Bwana huyo alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha nguo, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa bila barua hata moja ya onyo. Kitambaa kikitoka mashineni huviringwa kikawa jora, na kila jora sharti lifunuliwe juu ya meza ndefu mbele ya mkaguzi kabla ya kwenda sokoni. Wakaguzi wenzake walikodoa macho. Yeye alitazama ukutani, huku viganja vyake viwili vikiteleza juu ya kitambaa taratibu, na vidole viliposimama, hapo ujue pana dosari. "Uzi umelegea hapa," angesema, akafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye pindo. Watu wakija na miwani wasione kitu. Uzi uliolegea ni mnafiki: hauonekani kwa macho, hutulia kimya mpaka nguo ishonwe, ivaliwe, ifuliwe, ndipo ujikunje na kulivuta vazi zima upande mmoja. Yeye aliukamata kwa kuugusa tu. Ndiyo maana kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Bwana Vidole, basi.

Vidole hivyo vilikuwa na sheria zake nyumbani. Havikufua, havikupasua kuni, havikushika jembe wala nyundo. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili wa darasa la nne, ndiye aliyebeba ndoo na kupigilia misumari. Kila jioni baada ya kula alimpaka mumewe mafuta viganjani, kidole kimoja baada ya kingine, huku wakizungumza mambo ya siku ile. Majirani walimtania.

"Shoga, mumeo ana mikono ya bibi harusi."

"Mikono hiyo hiyo ndiyo inayowavisha," alijibu Mama Pacha. "Msingekuwa naye mngetembea mmevaa matambara." Alisema kwa mzaha, lakini moyoni aliamini kila neno.

Basi likaja dude. Lilikuwa na taa kali na kamera nane, na lilikagua kwa saa moja majora ambayo wakaguzi sita walikagua kwa siku nzima. Halikuomba likizo, halikukohoa, halikuchelewa. Kama liliujua uzi uliolegea au halikuujua, hilo hakuna aliyeuliza, kwa kuwa lilikuwa na kasi na kasi ndiyo iliyotafutwa. Mwisho wa mwezi wakaguzi wote sita waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa kiinua mgongo na barua. Barua yenyewe ilikuwa na maneno matamu kama ya posa. Iliwashukuru, ikawasifu, ikawatakia kheri, na katikati ya sifa hizo ikawafukuza.

Bwana Vidole alirudi nyumbani na barua hiyo mfukoni akiwa amenuia kusema. Nataka hilo lijulikane, kwa maana wapo watakaomwona mwongo tangu mwanzo. Alinuia. Lakini alipofika mlangoni alimkuta mkewe na wanawake wawili wa kikundi chake cha ushonaji wanapunga upepo, na Mama Pacha alikuwa akisema, "Mume wangu kiwandani hawamwachi hata dakika. Bila vidole vyake hakitoki kitambaa pale." Wale wanawake wakamgeukia wakamwamkia kwa heshima, mmoja akampisha kiti. Angesemaje? Alikaa kwenye kile kiti, akaulizwa habari za kazi, akajibu kuwa ni nzuri. Akajiambia atasema kesho. Nanyi mnaijua kesho na jamaa zake, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, wanavyopokezana.

Asubuhi yake alivaa koti lake la buluu la kiwandani, akachukua chakula alichofungiwa na mkewe, akaaga, akaenda zake. Hakuwa na pa kwenda. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye ukuta mfupi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo watu wasio na kazi hukaa wakisubiri lori lije na mtu wa kusema "nataka wanne". Alilivua koti, akalikunja, akalikalia.

Mfalme wa ukuta ule alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Mwalimu. Alikuwa amefundisha somo la uchumi katika shule ya kulipia mpaka shule ikafungwa, na sasa alifundisha ukutani bure. Mgeni akija, Mwalimu humpima kwanza.

"Ukosefu wa kazi una aina zake, kama homa," alimwambia Bwana Vidole siku ya tatu, baada ya kumdadisi. "Ukikosea aina, umekosea dawa. Mwone huyu." Akamnyooshea kidole mtu aliyesinzia na kofia usoni. "Huyu hufanya kazi kwenye mashine za kuchambua pamba. Ukosefu wake ni wa msimu. Pamba ikija anaitwa, ikiisha anarudi kulala hapa. Dawa yake ni kalenda."

"Ni kweli," alisema mwenye kofia bila kufumbua macho.

"Huyu wa pili ni mwashi. Mikono anayo, ufundi anao, ila uchumi umeporomoka na watu wameacha kujenga. Wake ni wa mzunguko. Mambo yakichangamka watamfuata hadi kitandani. Na binti yule mwenye bahasha ya vyeti, ule ni wa mpito tu. Kaacha kazi moja, anatafuta nyingine inayomfaa. Mwezi ujao hutamwona hapa."

"Na wewe Mwalimu?" aliuliza mwashi. "Wako ni wa aina gani?"

"Wangu ni wa kuambukizwa. Wazazi walipokosa kazi walikosa karo, walipokosa karo nikakosa wanafunzi. Mlinikoholea nyinyi." Ukuta mzima ulicheka, hata mwenye kofia. Kisha Mwalimu akamgeukia Bwana Vidole na sauti yake ikashuka. "Lakini wako, ndugu yangu, ni wa kimuundo. Kazi yenyewe imebadilika, ikakuacha na ujuzi wako mkononi. Huo hauponi kwa kusubiri lori. Inabidi uupeleke ujuzi mahali pengine, na watu wajue una nini na umekosa nini. Nyumbani wanasemaje?"

"Hawajui."

"Vitabuni kuna ukosefu wa ajira uliojificha," akasema Mwalimu, "lakini maana yake ni watu kumi kufanya kazi ya watano. Huu wako wa kumficha mama watoto mimi sijausoma popote. Mwambie mkeo, bwana."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kila jioni alirudi saa ile ile ya kiwandani, akipangusa viatu mlangoni. Alikuwa akiogopa jambo moja tu, nalo halikuwa njaa. Aliogopa siku ambayo Mama Pacha angemtazama kama mtu wa kawaida. Miaka yote ile alikuwa ametazamwa kama mtu ambaye watu hawawezi kufanya lolote bila yeye, na mtu huzoea kutazamwa hivyo.

Kiinua mgongo kilimwezesha kwa muda kumpa mkewe mshahara kama kawaida. Alipoona hakitafika mbali, akaanza kuinuka ukutani lori lilipokuja. Akapakua mifuko ya saruji. Akakoroga chokaa. Akabeba nondo begani. Ile mikono ambayo haikuwahi kushika jembe ilitoka malengelenge siku ya kwanza, yakapasuka siku ya pili, na kufikia mwezi wa pili ilikuwa imeota sugu. Chokaa ilikausha ncha za vidole mpaka zikapasuka. Alikuwa anakula mtaji wake mwenyewe bila kujua, kama mkulima anayetwanga mbegu.

Mikono ile sasa ikawa shahidi wa kufichwa. Jambo la kwanza kukoma ni yale mafuta ya jioni. "Nimechoka leo, acha," alimwambia mkewe, na kesho yake akasema hivyo tena, na siku ya nne Mama Pacha akairudisha chupa kabatini bila kuuliza. Mabinti walizoea kuegemeza mashavu yao viganjani mwake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Akaanza kuwaaga akiwa mlangoni. Kitandani alilala ameficha mikono chini ya mto. Hakumshika mkewe bega, hakumpapasa nywele, hakufanya lolote ambalo mume hufanya kwa mkono. Mama Pacha hakusema kitu. Alianza tu kupungua mwili, na alipoulizwa na wenzake akasema ni kazi nyingi.

Kazi nyingi zilikuwapo kweli. Kikundi chao cha wanawake kumi na wawili kilishonea kwenye banda la bati nyuma ya soko, na kwa mara ya kwanza walikuwa wamepata kandarasi kubwa: mashati mia sita ya sare ya shule moja. Wakiifanya vizuri, shule ingewapa sare zake kila mwaka, na kila mmoja wao angekuwa na kazi ya uhakika. Wakiiharibu, wangerudi kuziba viraka. Hofu yao ilikuwa kitambaa. Walijua kukata na kushona, lakini hakuna aliyejua kusoma jora kabla halijakatwa, na walikwisha umizwa mara mbili na wafanyabiashara. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja alipowaletea kitambaa cheupe kizuri, kilichotoka kiwanda kile kile cha Bwana Vidole, wakaomba kipande kirefu cha kutazama, na Mama Pacha akakibeba mpaka nyumbani.

Alikitandaza mezani jioni, kabla taa hazijawashwa.

"Baba Pacha, najua umechoka. Ila tupimie hiki. Wenzangu wamesema neno lako ndilo la mwisho. Ukisema kizuri tunanunua, ukisema kibaya tunarudisha."

Bwana Vidole alisimama. Alitazama ukutani kama alivyozoea, akaweka viganja juu ya kitambaa, akavipeleka mbele. Hakusikia kitu. Akavirudisha nyuma, polepole zaidi. Hakusikia kitu. Vidole vilikuwa vizito na bubu, vikikwaruza kitambaa kwa sugu zake, na chini yake pangeweza kuwa na hariri au gunia, asingejua. Mara ya tatu alijaribu kwa upande wa kidole kidogo, ambao kwa kawaida haukosei, nao ukamwambia yale yale.

Neno "sijui" lilikuwa hapo hapo mdomoni. Lilikuwa neno dogo, na lingemwokoa. Lakini lingefuatwa na "kwa nini?", na "kwa nini" ingefuatwa na yote mengine. Mkewe alikuwa anamtazama vile vile alivyomtazama siku zote.

"Kizuri," alisema, akaitia mikono mifukoni.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Pacha, akakikunja kitambaa na kwenda kuwaambia wenzake.

Wiki tatu baadaye mashati yalikwisha kushonwa, kupigwa pasi na kupelekwa shuleni. Mwalimu mkuu aliyasifu. Wanafunzi walipendeza. Kisha wakaenda makwao Ijumaa, mama zao wakayafua, na Jumatatu shule nzima ikaja imepinda. Kila shati lilikuwa limevutwa upande wa kushoto kuanzia kwapani hadi pindoni, ukosi umekwenda huku na vifungo vimekwenda kule, utadhani watoto wote wamekunjana mashati njiani. Yakavuliwa, yakafungwa kwenye marobota, yakarudishwa bandani siku ile ile. Mwalimu mkuu aliwapa wiki mbili: walete mengine au watafutwe mafundi wengine.

Mama Pacha alifika nyumbani na shati moja. Mabinti walikuwa shuleni. Mumewe alikuwa amerudi mapema siku hiyo, kwa kuwa lori halikuja, na alikuwa amekaa kwenye kiti bila koti la kiwandani. Alishtuka. Mkewe hata hakuuliza kwa nini yupo.

"Uzi umelegea," alisema Mama Pacha, akaliweka shati juu ya meza. "Mimi si mkaguzi, lakini miaka kumi na mitano nimekusikia ukieleza. Uzi umelegea kila baada ya shubiri mbili, jora zima. Wewe huwezi kuukosa huu, Baba Pacha. Ungeukamata ukiwa umelala."

Mumewe akazidi kuizamisha mikono mifukoni.

"Wenzangu wanasema nimehongwa na mfanyabiashara. Hawajasema mbele yangu, lakini nimeona wanavyonikwepa macho. Nimewaambia mume wangu alipima mwenyewe. Sasa niambie. Ulipima, au ulipapasa tu ili niondoke?"

"Nilipima."

"Basi nipe mikono yako tuone pamoja."

Hakuitoa. Mama Pacha akazunguka meza, akaishika mikono ya mumewe na kuichomoa mifukoni kwa nguvu, akaigeuza viganja juu. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika baada ya karibu miezi mitatu. Alipitisha kidole gumba juu ya sugu, moja, nyingine, na nyingine, kisha juu ya nyufa zilizoshika weupe wa chokaa. Alikaa kitako kwenye kiti cha karibu bila kuiachia.

"Hii ni mikono ya nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ndipo alipomwambia yote: dude, barua, ukuta, Mwalimu, saruji. Alieleza kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, kama mtu anayefumua nguo, na mkewe hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Mama Pacha alikuwa analia.

"Nisamehe. Kazi imekwenda," alisema Bwana Vidole.

"Silii kazi." Akajifuta kwa lile shati lililopinda. "Nilijua una mwanamke. Miezi hii yote hujanigusa, unalala umeficha mikono kama mwizi, hata watoto huwashiki. Nikasema, basi, yupo aliyeichukua. Nikawa namwombea Mungu angalau awe mtu mwema. Kumbe ni mifuko ya saruji?"

Bwana Vidole hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili vibaya. Waliketi hivyo kwa muda wameshikana mikono, na aliona kwamba mkewe anamtazama. Hakuwa anamtazama kama zamani. Alikuwa anamtazama kwa huruma na hasira na mapenzi, vyote kwa pamoja, na cha ajabu ni kwamba hakufa kwa kutazamwa hivyo.

"Kesho asubuhi tunakutana bandani," alisema Mama Pacha akisimama. "Siwezi kuwaeleza mimi, wataona namtetea mume. Utakuja useme mwenyewe kwa mdomo wako."

Kesho yake Bwana Vidole alisimama katikati ya banda la bati, marobota ya mashati yaliyorudishwa yakiwa yamerundikwa mpaka kiunoni kwake. Wanawake walikaa kila mmoja nyuma ya cherehani yake. Mwenyekiti, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, hakumkaribisha kiti.

"Mama zangu, dada zangu," alianza. "Mimi sina kazi. Nilipunguzwa kiwandani siku themanini na mbili zilizopita, na tangu hapo nabeba saruji. Kitambaa hiki nilikishika, lakini vidole vyangu vimeota sugu, havikusikia kitu. Nilipaswa kusema sijui. Nikasema kizuri, kwa sababu niliona haya. Mke wangu hakuhongwa na mtu. Alimwamini mumewe, hilo ndilo kosa lake."

Kisha mwanamke mmoja wa pembeni akasema, "Hata wangu hana kazi mwezi wa nne huu."

"Wako tunamjua," alidakia mwenzake. "Si ndiye anayepita hapa kila Jumatatu kuuliza kama tuna la kubeba? Juzijuzi alitupakia mashati haya haya. Yule hata mbuzi wa jirani wanajua hana kazi." Wakacheka, na mwenye mume akacheka pia, kwa maana ilikuwa kweli kwamba mumewe alikwisha pata vibarua vitatu kwa kelele hizo. Hewa ya bandani ikalegea kidogo, na mtu akamsogezea Bwana Vidole kiti.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Siku themanini na mbili," alisema. "Hiyo si wiki ile ile ya barua yetu?" Akamgeukia Mama Pacha. "Mwanangu, si ulituambia umempa akakataa?"

Mama Pacha aliinamia cherehani yake.

"Barua gani?" aliuliza Bwana Vidole.

"Ya kukuomba kazi, bwana. Yaani, ya kukuomba wewe uje tukupe kazi. Tulipopata ile kandarasi tulikubaliana sote kwamba hatununui jora tena bila mkaguzi, na mkaguzi tunayemjua ni mmoja tu. Tukakuandikia, tukaweka na malipo yako humo, tukasema ukishindwa kukiacha kiwanda basi tupe hata Jumamosi. Barua tukampa mkeo. Baada ya siku mbili akatuambia kiwanda hakikuachii."

Macho yote yalikuwa kwa Mama Pacha, na alipoinua uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Sikumpa," alisema. "Niliona haya. Mtu wa kiwanda kikubwa, anaheshimiwa na mameneja, mimi nimwambie aje akae na wanawake kumi na wawili kwenye banda la bati? Niliogopa ataona namshusha. Barua ipo. Nimeishonea ndani ya mto wangu."

Bwana Vidole alimgeukia mkewe.

"Yangu ya kupunguzwa kazi," alisema polepole, "nimeitia ndani ya mto wangu."

Hapo wanawake waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu, na wengine wakajifuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko tu. Mwenyekiti aliwaacha wamalize. Kisha akavaa miwani yake, akachukua shati moja kutoka kwenye robota na mkasi mdogo, akampa Bwana Vidole.

"Kazi ile ilikuwepo," alimwambia, bila ukali. "Ilikusubiri tangu wiki ile. Leo haipo tena, maana malipo ya mkaguzi ndiyo yatakayonunua kitambaa kingine, na tukishindwa ndani ya wiki mbili hata sisi wenyewe tutakuja kukaa nawe ukutani. Lakini haya mashati mia sita yanataka kufumuliwa vifungo, na kufumua hakuhitaji vidole laini. Keti. Sugu zikikutoka, na kama Mungu akitubakishia hii kandarasi, tutazungumza."

Akaketi, akaanza kufumua. Mama Pacha aliburuta kiti chake akakaa karibu naye, akachukua shati lake. Kuna watu watasema mke huyu na mume huyu walikosa bahati. Bahati ilikuwa imekwisha kuingia mpaka chumbani mwao: usiku themanini na mbili walilala ubavu kwa ubavu wamelalia barua mbili, moja ikiomba mtu na nyingine ikimtoa, na kwa kuona haya tu hazikukutana. Mficha uchi hazai.